Marehemu Nehemiah Ongeri, Mkata Nyasi wa Nyanchwa

Wasifu huu umesomwa na mdogo wake, Mwalimu Nyasani, kaburini Magombo, Nyamira, Jumapili tarehe 19 Novemba 1978

Nehemiah Ongeri alizaliwa hapa Magombo, katika boma hili ambamo kaburi lake limechimbwa, mwezi wa Agosti mwaka 1926. Mama yake, Persis, aliukumbuka mwaka huo kwa sababu wimbi lilinyauka shambani kabla ya kuvunwa, na alizoea kusema kwamba mtoto huyu alifika nyumba ikiwa haina hata unga wa kumkorogea mzazi uji. Baba yake alikuwa Mzee Ombati. Walizaliwa wanne. Wawili walitangulia wangali wadogo, Ongeri akabaki na Nyasani, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1936, akiwa mkubwa kidogo kuliko wenzake wa darasani, akamaliza darasa la nne mwaka 1940. Mwaka huo Mzee Ombati alifariki na masomo yake yakaishia hapo. Aliyeendelea na shule ni mdogo wake. Kila muhula ulipofunguliwa Ongeri alimsindikiza hadi langoni, akasimama nje mpaka kengele ilie, ndipo akageuka kurudi kwa ng'ombe. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa mtu wa namna hiyo: jambo likimwuma alilimeza kimya, na nyumbani hakuna aliyejua limeishia wapi. Alibatizwa mwaka 1948, na kitabu alichokisoma tangu hapo hadi mwisho wake kilikuwa Biblia.

Tarehe 12 Desemba 1950 alifunga ndoa na Tryphosa Mokeira, binti wa watu wa Ogembo. Siku alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe ilinyesha tangu asubuhi, naye kwenye mteremko wa mwisho akateleza akaserereka hadi chini, akiwa amevaa shati jeupe alilokuwa nalo moja tu. Bibi yake Tryphosa alimtazama pale mlangoni, akauliza, "Huyu ni mkwe au ni mfinyanzi?" Ongeri akainama kwa heshima, akajibu, "Ni mkwe, Magokoro. Udongo ni wa kwenu." Bibi alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba, na inasemekana mambo ya posa yalikwisha pale pale. Mungu aliwajalia watoto watatu: Esnah, aliyezaliwa 1951, Momanyi mwaka 1954, na Mong'ina mwaka 1958.

Mapema mwaka 1951 alipata kazi ya bustani katika shamba la mlowezi mmoja upande wa Sotik. Kwa miaka mitano alikata nyasi kwa fyekeo. Mwaka 1956 mwenye shamba akanunua mashine ya kukata nyasi, ya petroli, yenye kisu kimoja kinachozunguka chini ya sahani ya chuma kama pangaboi, na ya kuwashwa kwa kuvuta kamba. Fundi wa shamba wakati huo alikuwa kijana kutoka Karachuonyo, Jeconia Obura, ambaye tunaye hapa leo. Wawili hawa hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, basi urafiki wao ulikua kwa Kiswahili, kati ya spana na makopo ya oili, ukadumu miaka ishirini na zaidi.

Mashine ilipogoma mara ya kwanza, Ongeri aliipiga teke. Obura akamshika mkono, akamwita ndugu kwa lugha ya kwao.

"Usiipige, Omera. Iulize. Kwanza iulize kama imekunywa. Pili iulize kama ina moto. Tatu iulize kama inapumua."

Ongeri akawa anauliza hivyo maisha yake yote. Kama imekunywa, maana yake ni kufungua tangi na kunusa, kwa kuwa petroli iliyokaa sana hunuka kama rangi ya mbao na haiwashi kitu, na petroli iliyoingia maji ya mvua ni bure kabisa. Kama ina moto, maana yake ni kufungua plagi na kuitazama usoni: ikiwa kavu, mafuta hayafiki, ikiwa imelowa, yamezidi, ikiwa nyeusi ya masizi, isuguliwe kwa brashi. Kisha plagi hiyo huegemezwa kwenye chuma cha injini, kamba ikavutwa, na mtu akaangalia kama cheche inaruka, tena ya buluu. Kama inapumua, maana yake ni kuvua chujio la hewa na kulifua, kwa kuwa vumbi la shamba na mabua ya nyasi huliziba, na mashine iliyozibwa pua hutoa moshi mweusi na kukohoa. Yaliyobaki alijifunza kwa kukosea. Tundu la kabureta hupulizwa kwa mdomo, halichokolewi kwa waya. Kisu hunolewa pande zote mbili sawasawa, kisha hutundikwa kwenye msumari ili kuona upande gani unalala, kwa kuwa kisu kisicho na mizani huitikisa mashine mpaka nati zikaachia zenyewe.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na jambo moja ambalo Obura hakulisema kwa mzaha hata siku moja. Kabla ya mkono kwenda chini ya mashine, waya wa plagi unavuliwa. Hata kama mashine imezimika. Hata kama ni kuondoa jani moja. Injini yenye joto huwa imebakiza mafuta kooni, na ukizungusha kisu kwa mkono umeizungusha injini.

Mwaka 1963 mwenye shamba alirudi kwao, shamba likagawiwa, na mashine ile, ambayo sasa ilikuwa imezeeka, akamwachia Ongeri kwa shukrani. Ililetwa Magombo kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alipoiwasha mbele ya boma, kuku walipanda juu ya paa, na Mama Persis akatoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza kama kitu hicho kinakula mbuzi. Lakini hakukaa nacho hapa. Obura alikuwa ameshapata kazi katika gereji mjini Kisii na kuhamia mlima wa Nyanchwa pamoja na mkewe Zilpa. Mwaka 1964 Ongeri akapanga chumba karibu nao, akaanza kukata nyasi za maofisi, za nyumba za walimu na za wenye maduka. Watu wa Nyanchwa walimjua kwa sauti ya mashine yake kabla ya kumjua kwa sura. Ilikuwa na kikohozi chake baada ya kuvutwa kamba, kisha inanyamaza kama inayofikiri, kisha ndipo inanguruma.

Mwanafunzi wake wa kwanza na wa pekee katika watoto wake alikuwa Esnah, aliyekaa naye Nyanchwa akisoma. Momanyi aliupenda mpira. Esnah ndiye aliyekaa chini ya kivuli cha ukuta kila Ijumaa mchana, Sabato ikikaribia, akimpa baba yake spana kabla hajaiomba. Alikuwa na sikio. Akiwa msichana wa darasa la saba angeweza kusema, "Tata, leo inapumua vibaya," na chujio likivuliwa linakutwa limejaa. Ongeri, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliwaambia watu kanisani kwamba mashine yake ina daktari. Na hakuwa ametania sana, kwa sababu Esnah alipomaliza kidato cha nne mwaka 1970, alipata nafasi katika chuo cha wauguzi, aanze mwezi wa Mei mwaka uliofuata. Waliomwona Ongeri majira hayo wanasema alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Familia ilikaa pamoja kujadili kama jambo linalofuata lisomwe hapa. Ni Esnah aliyeamua. Alisema lisomwe mara moja, kwa ukweli wake, halafu watu waache kulisimulia.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Aprili 1971. Margret, binti wa Obura na Zilpa, alikuwa anaolewa Jumapili, na wageni walitazamiwa kutoka Karachuonyo. Uwanja wa nyumba yao ulikuwa umeota nyasi za masika hadi magotini. Ongeri alikuwa ameahidi kuukata, iwe zawadi yake kwa mtoto aliyemjua tangu akibebwa mgongoni. Asubuhi ilinyesha. Wakangoja nyasi zikauke, hazikukauka, na jua halikungoja: Sabato huingia jua likitua, na Jumapili asubuhi wangekuwa wamechelewa. Alasiri wakaanza, baba na binti. Walipunguza kwanza kwa fyekeo, wakainua kisu cha mashine hadi mwisho wa juu, wakawa wanapokezana kusukuma.

Nyasi mbichi hugandamana chini ya sahani kama ugali. Mashine ikazimika, wakaisafisha. Ikazimika tena. Walipofika nusu ya uwanja ikazimika mara nyingine na kukataa kabisa kuwaka. Esnah akavua waya wa plagi, kama alivyofundishwa, akaiinamisha mashine ubavu, akaanza kukwangua kwa kijiti. Ongeri, upande wa pili, akafungua plagi. Ilikuwa imelowa. Akaipangusa kwa shati lake, akaisugua, akaipuliza, akaitazama, akageuza macho akalitazama jua.

"Harakisha, mama," alimwambia. "Jua linashuka."

"Naharakisha, Tata."

Kijiti kikavunjika. Esnah akaingiza mkono. Wakati huo huo Ongeri alirudisha plagi mahali pake, akaikaza kwa spana, na vidole vyake, ambavyo kwa miaka kumi na mitano vilikuwa vimezoea kufuatanisha kazi hiyo bila kuambiwa, vikaurudisha waya. Esnah alikishika kisu akizungushe, ili donge la nyasi lililobaki liachie. Mashine haikunguruma. Ilikohoa mara moja tu.

Zilpa alichana leso yake akaufunga mkono wa msichana. Obura aliwashusha hospitalini kwa pikapu ya gereji, Ongeri akiwa nyuma na kichwa cha binti yake mapajani. Madaktari walifanya walichoweza. Kwenye mkono wa kulia vilibaki kidole gumba na kidole cha mwisho.

Obura alipouliza pale barazani, "Imekuwaje?" Esnah ndiye aliyewahi kujibu. Alisema, "Nilisahau waya."

"Hakusahau," Ongeri alisema. "Aliutoa. Mimi ndiye niliyeurudisha."

Maneno hayo aliyarudia kwa daktari, kwa mchungaji, kwa mkewe Tryphosa alipofika kutoka Magombo bado na udongo wa shamba miguuni, na kwa kila aliyekuja kumpa pole. Aliyarudia hata kwa wasiouliza.

Harusi ya Margret ilifungwa Jumapili, kwa kuwa wageni walikuwa wameshafika. Wakaketi kwenye nusu ya uwanja iliyokatwa. Ongeri hakwenda. Jumatatu Obura alipanda hadi chumbani kwake, akabisha.

"Omera, fungua."

"Nakusikia hapo hapo ulipo."

"Sikuja kukulaumu. Mashine hii imenikata mimi pia, mara mbili, ulikuwepo ukaona. Ni ajali."

"Wewe ulijikata mwenyewe," Ongeri alijibu nyuma ya mlango. "Mimi nimemkata mwanangu. Hayo ni mawili."

Alimfungulia, wakala pamoja, wakaomba pamoja. Lakini Obura anasema kwamba mtu aliyekuwa akimjua hakuwamo chumbani siku ile, na hakurudi.

Chuo cha wauguzi kilijibu kwa upole kwamba kazi ile inahitaji mikono miwili. Esnah alilia siku nzima, akaosha uso, akaanza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameajiriwa katika duka la mbegu huko Keroka. Baba yake aliacha chumba cha Nyanchwa, akarudi Magombo na mashine yake, na tangu siku ile hakukata nayo hata unyasi mmoja. Ila aliitunza. Kila Ijumaa aliitoa nje, akanusa tangi, akasugua plagi, akafua chujio, akanoa kisu kisichokata kitu, kisha akairudisha ghalani. Tryphosa alimtazama kutoka jikoni, na siku moja alimwuliza anaitengeneza kwa ajili ya nani. Ongeri akaendelea kunoa kisu.

Mwaka 1972 Esnah alikuja kutoka Keroka akaamua kuumaliza msiba huo. Aliitoa mashine ghalani mwenyewe, akaikanyaga kwa mguu mmoja, akavuta kamba kwa mkono wa kushoto. Ilikohoa, ikanyamaza, ikanguruma. Akaanza kukata nyasi za mbele ya nyumba, akiisukuma kwa kiganja na kwa mkono mzima, huku anacheka na kumwita: "Tata, njoo uone! Inapumua vizuri!" Ongeri aliingia migombani akaketi chini, akaziba masikio, akakaa hivyo mpaka petroli ikaisha. Esnah aliirudisha mashine ghalani. Hakuiwasha tena.

Mwaka 1975 Nyangau, mfanyabiashara wa nafaka wa Keroka, aliomba kumwoa Esnah. Wazee wa kwao walipofika kuzungumza mahari, Ongeri aliwakaribisha, akawapa viti, akasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akasema:

"Ng'ombe sichukui. Mchukueni msichana, ni mtu mwema. Lakini nitapokeaje ng'ombe kwa mtu ambaye mimi mwenyewe nilimharibu?"

Wazee walitazamana. Kwetu sisi mtu akikataa ng'ombe wa binti yake amesema kwamba binti hana thamani, au kwamba mkwe hana. Nyangau aliinamisha kichwa. Na Esnah, ambaye alikuwa nyuma ya mlango pamoja na shangazi zake, aliyasikia yote. Kilichompata si uchungu wa kidole, ni wa moyo. Alitoka akapita katikati ya wazee, jambo ambalo msichana halifanyi, akasimama mbele ya baba yake.

"Kwa hiyo mimi nimeharibika, Tata?"

Ongeri aliinuka akatoka nje.

Ng'ombe walipokelewa na mdogo wake, Nyasani, kwa niaba yake, na ndoa ikafungwa. Ongeri alihudhuria, akaketi nyuma.

Wakati huo jina lake la ufundi lilikuwa bado liko. Shule, makanisa na wenye nyumba, kutoka Nyamira hadi Keroka, walikuwa wameanza kununua mashine za nyasi kuukuu, na zilipogoma waliwaleta vijana wao Magombo wafundishwe. Hakumfukuza mtu. Lakini hakumfundisha yeyote kunusa tangi wala kutazama plagi kabla ya kumvulisha waya na kumweleza habari ya mkono wa Esnah: nyasi zilikuwa mbichi vipi, jua lilikuwa wapi, yeye mwenyewe alimharakisha binti yake kwa maneno gani. Kijana akicheka kwa kuona haya, darasa liliisha. Alieleza hata Esnah akiwa amekuja kutembea, akipita uani na ndoo ya maji.

Siku moja mwaka 1976 Esnah aliitua ndoo.

"Tata, hao wote wananitazama mkono. Kila ninakopita sokoni kuna kijana anaujua mkono wangu kabla ya kujua jina langu. Acha kunifundisha kwa watu. Mimi si somo, mimi ni mwanao. Nilikusamehe kabla pikapu haijafika hospitalini. Unataka nikusamehe mara ngapi?"

Ongeri alimwambia yule kijana aende nyumbani. Tangu siku ile hakusimulia tena. Lakini alidhani kutii ni kunyamaza, basi akanyamaza yote. Waliokuja na mashine aliwatengenezea bila kusema kitu. Kanisani alikuja, akaketi, akaondoka. Tryphosa anasema ilikuwa kama kukaa nyumba moja na mtu aliyekwenda safari. Esnah alijilaumu kwa maneno aliyoyasema, na alikosea kujilaumu, kwa sababu yalikuwa maneno ya haki. Hayo ndiyo yaliyoiumiza zaidi familia hii: kila aliyemkaribia ili amtoe shimoni aliishia kubeba sehemu ya mzigo, na mzigo wake yeye haukupungua.

Mwaka 1977, mwezi wa Novemba, Tryphosa alimkuta ghalani akiifanyia mashine kazi ambayo hakuwa ameifanya zamani. Alikuwa amekausha tangi lote na kabureta. Akafungua plagi, akamimina kijiko cha oili tunduni, akavuta kamba polepole ili oili ienee ndani, akaifunga plagi, akauacha waya ukining'inia, akaifunika mashine kwa gunia na kuifunga kwa kamba ya katani. Hivyo ndivyo mashine inavyowekwa wakati haitatumika kwa muda mrefu, ili isishike kutu.

"Nimeilaza," alisema.

Mkewe akamtazama, akaona mshipi wake umekazwa kwenye tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. Hapo ndipo alipojua kwamba anaumwa.

Alikuwa na uvimbe tumboni, na alikuwa ameuficha kwa muda mrefu. Katika hospitali ya Kisii, Januari mwaka huu, madaktari walisema wakati wa kupasua umepita. Akaletwa nyumbani. Obura alikuja kutoka mjini kila Sabato alasiri, akaketi kando ya kitanda, akamsomea Zaburi kwa Kiswahili chao cha zamani. Alipojaribu kumwambia kwamba Mungu ameshasamehe, Ongeri alijibu kwa adabu, "Najua, Omera. Mungu hakuwa na mkono pale chini." Obura hakujaribu tena. Esnah alimleta mjukuu, Persis, aliyezaliwa mwaka jana, na kila alipolazwa kifuani pake babu alikunjua ngumi zake ndogo, akahesabu vidole, kimoja kimoja, kisha akazifunga tena.

Katika miaka yote hii hakuwa amewahi kuutazama mkono wa kulia wa binti yake. Esnah alilijua hilo. Kwetu ni utovu wa adabu kumpa mzazi kitu kwa mkono wa kushoto, lakini yeye alimpa kila kitu kwa kushoto ili kumwondolea taabu, naye alipokea bila kumkemea, na watu wa nyumbani walijifanya hawaoni. Asubuhi ya Jumatatu iliyopita, tarehe 13 Novemba, Esnah alimletea uji. Alikuwa amechoka, mtoto analia mgongoni, na bila kufikiri akakishika kikombe kwa mkono wa kulia, kwa gumba na kidole cha mwisho, akamsogezea.

Ongeri aliutazama mkono ule. Aliutazama muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama plagi.

"Bado unauma?"

"Kukiwa na baridi tu, Tata."

"Nilikuambia uharakishe."

"Ulisema. Na mimi niliharakisha. Kunywa, utapoa."

Alikunywa kidogo. Akauweka mkono wake juu ya ule wa Esnah, ukakaa pale. Esnah alingoja. Alikuwa amengoja tangu mwaka 1971 baba yake aseme kwamba amekubali kusamehewa. Hakusema. Macho yakaenda dirishani, mkono ukalegea, akalala usingizi. Hakuzungumza tena na mtu. Nehemiah Ongeri alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 1978, saa nne asubuhi, mkewe na binti zake wawili wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Kama alikubali siku ile ama hakukubali, hatujui. Tumeulizana tangu Jumanne, na kila mmoja ana jibu lake. Esnah peke yake ndiye asiyetaka kujibu.

Marehemu ameacha mjane, Tryphosa Mokeira, watoto, Esnah, mke wa Nyangau wa Keroka, Momanyi, aliye kazini Nakuru na aliyefika jana, na Mong'ina, ambaye bado yuko nyumbani, mjukuu, Persis, ndugu yake, Nyasani, wakwe wa Ogembo na wa Keroka, na rafiki ambaye familia hii humwita ndugu, Jeconia Obura, pamoja na Zilpa na Margret.

Bwana ndiye aliyetoa, na Bwana ndiye aliyetwaa. Ongeri, pumzika sasa. Mungu na akupe amani ile tuliyokupa sisi, ukaikataa.